Kamati ya Kupumzika

Kosa la Godlisten lilikuwa moja tu: alifungua mdomo kwenye chai ya baada ya ibada ya Kiswahili, ibada ambayo hukusanya Walutheri, Wakatoliki na wenye njaa. Angesema anaumwa jino, watu wangempa pole na kuendelea na maandazi yao. Yeye akasema, tena kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika hadi meza ya pili, kwamba mwezi wa tisa anampeleka mke wake na mtoto Ulaya kupumzika.

Watanzania wa Maryland ni watu wema, lakini wana ugonjwa mmoja usio na dawa. Ukiwatajia jambo lolote linalohusu kusafiri, kuoa, kuzaa au kufa, wanaunda kamati. Kaka Respicius hakungoja hata kumeza andazi lililokuwa mdomoni. "Nani mwenyekiti?" akauliza. Kwa kuwa yeye ndiye aliyeuliza, na kwa kuwa kuanzia Lanham hadi Woodbridge hakuna kamati iliyowahi kukaa asiiongoze yeye, akawa mwenyekiti. Rosemary, aliyekuwa akimimina chai, akawa mhazini wa kamati isiyo na hazina. Sekou akawa katibu. Huyu alikuwa Mmarekani Mweusi aliyejifunza Kiswahili chuo kikuu akakipenda kuliko wenye nacho, na mihtasari yake ilikuwa safi kiasi kwamba wajumbe walihitaji kueleweshwa walichokuwa wamekisema.

Vaileth, mke wa Godlisten na mwenye likizo yake, alikuwa chooni akimbadilisha Amara nepi. Aliporudi alikuta likizo imeshapata viongozi.

"Mama Amara, sasa hii ni holiday ama ni harusi?" Nkatha akamnong'oneza. Nkatha alikuwa Mmeru wa Kenya, jirani yao wa mlango wa pili kule Riverdale Park, na kanisani alikuja kwa ajili ya maandazi wala hakuficha.

Vaileth hakucheka. Likizo ile ilikuwa na uzito ambao hakuwa amemweleza mtu. Yeye alikuwa nesi wa zamu ya usiku katika hospitali moja ya Lanham, na mumewe fundi wa lifti mjini, mtu wa mchana. Tangu Amara azaliwe, miaka miwili sasa, walikuwa wakikutana asubuhi mlangoni, mmoja anaingia mwingine anatoka, na jioni kwenye maegesho ya hospitali, ambako mtoto alihamishwa kutoka gari hili kwenda lile kama gunia la mchele linalopiga mateke. Anayekabidhi hutoa taarifa. "Amekula, amekunya, amelala kidogo." Anayepokea huitikia "sawa", wanaachana. Jumapili walikuwa pamoja, lakini pamoja na kanisa zima.

Ndoa yenyewe ilikuwa imebaki hiyo taarifa. Hawakuwa wakigombana, maana kugombana nako kunataka muda. Vaileth alimpenda mume wake na aliogopa, aliogopa kwelikweli, kwamba siku mtoto akianza shule na taarifa zikikoma, watajikuta hawana hata neno moja la kuambiana. Ndiyo maana akatafuta miji mitatu isiyo na haraka, Porto, Seville na Nice, akachagua vyumba vyenye kibaraza, ili mtoto akilala mchana wao wawili wakae nje wazungumze. Miji hiyo aliipenda kwa sababu nyingine pia: hakumjua Mtanzania hata mmoja aliyekuwa akiishi huko.

Kamati ilikutana sebuleni kwake Jumapili iliyofuata. Amara alikuwa amevaa nepi na buti za mvua, basi, na amepanda juu ya meza ya kahawa mbele ya wajumbe.

"Ndugu wajumbe," Respicius akaanza, "kwanza, huko Porto kuna nini?"

"Kuna mto," Vaileth akasema.

"Kwani Potomac ni bomba? Shemeji, mtu hapandi ndege kwenda kuangalia mto. Mimi mdogo wangu yuko Antwerp. Akisikia mmefika Ulaya mkalala hotelini bila kumsalimia, hii sura nitaiweka wapi?"

Antwerp ikapita. Rosemary akakumbuka binamu yake wa Uppsala, aliyejifungua mapacha na hajatembelewa na mtu hata mmoja. "Watu gani hao wasioona mapacha?" akauliza kwa uchungu, na Uppsala nayo ikapita. Kisha mwenyekiti, Mhaya na Mkatoliki wa kuzaliwa, akatamka kwamba hakuna mwenye akili timamu anayefika Ulaya akairuka Roma. Godlisten, ambaye babu yake alikuwa mzee wa kanisa kule Machame, akakohoa akasema yeye ni Mlutheri. Ili kulinda umoja, kamati ikapitisha Roma na Wittenberg, mji wa Luther, kwa pamoja. Seville ikaondolewa kwa sababu ya joto. Nice ilipotea hivihivi, hakuna aliyeona ilikopitia.

Sekou akanyoosha kalamu. "Samahani, ndugu mwenyekiti. Ningependa kufahamu, je, mtoto atapata wapi fursa ya kulala adhuhuri?"

"Katibu, usituletee fujo," Respicius akamkata.

"No," akasema Amara kutoka mezani. Alielewa Kiswahili chote na kukijibu kwa neno hilo moja. Siku ile ndiye peke yake aliyepinga.

Ikaja zamu ya mizigo. Respicius alikuwa na kopo la senene, panzi wa kwao wa kukaanga, kwa ajili ya huyo mdogo wake. Senene walikuwa wametoka Bukoba, wakakaa Lanham kwenye friza miezi kadhaa, sasa walitakiwa kwenda Antwerp. Vaileth akawaza kwamba hata senene wana likizo nzuri kuliko yake.

Akamtazama mumewe, amtetee. Godlisten alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila kitu, uso umemchanua kama bwana harusi. Hapo ndipo Vaileth alipokatwa maini. Respicius ni Respicius, hata ukimfungia nje ataongoza kikao uani. Lakini huyu wa kwake? Akamvuta jikoni.

"Godi, unanifanyia nini?"

"Wanatupenda tu, Mama Amara. Utawakatazaje watu?"

"Kwa mdomo!"

Godlisten akalitazama friji kama lingemsaidia. Halafu akachukua bakuli la karanga, akarudi sebuleni kuwapelekea wageni.

Vaileth alipomfuata, alikuta kuna hoja mpya. Mwenyekiti, kwa kuona ugumu wa safari na udogo wa mtoto, alikuwa amejitolea kuwasindikiza. Angekwenda nao Antwerp, awashike mkono hadi Roma, na wakimhitaji sana angeendelea nao. "Mimi sina shida," alisema. "Mnipe hata kochi."

Sebule ikapiga makofi. Vaileth akatabasamu, na Nkatha, aliyemfahamu, akasogeza kiti chake nyuma.

"Ahsante, shemeji," Vaileth akasema. "Jumapili ijayo mje na njaa. Nitapika."

Alipika kweli. Mbuzi alimtafuta mwenyewe, akamkata mwenyewe, na pilau aliisimamia kwa hasira zote alizokuwa nazo, na ikatoka nzuri ajabu. Wajumbe walikuja. Respicius alifungua kifungo cha suruali kwenye sahani ya kwanza. Kwenye sahani ya pili aliacha kuongea, jambo ambalo Rosemary alisema hajawahi kuliona. Vaileth alingoja mpaka mifupa ilipobaki mitupu, watu wanachokonoa meno, ndipo akasimama.

"Ndugu wajumbe, mimi na Baba Amara tunawashukuru sana. Mmefanya kazi kubwa. Hii ndiyo vunja kamati yenu."

Pale hapakuwa na mtu wa kufafanuliwa. Kwao kamati haifi kimyakimya: shughuli ikiisha wajumbe hualikwa chakula kizito, wanashukuriwa, na wakishakula hawana tena mamlaka hata ya kuhamisha kiti. Kila mmoja wao alikuwa ameshakula chakula hicho mara nyingi, na hapajawahi kusikika mtu aliyekula vunja kamati, kesho yake asubuhi akaitisha kikao.

"Shemeji, ngoja," Respicius akasema. "Vunja kamati ni baada ya shughuli. Hii shughuli hata haijaanza!"

"Umekula hukula?"

Respicius akaangalia sahani yake. Ilikuwa na mifupa ya kutosha kumuunda mbuzi upya.

"Nimekula, lakini nilidhani ni lunch tu!"

"Mbuzi mzima, shemeji? Nani kwetu anachinja mbuzi kwa ajili ya lunch tu?"

Wote wakamgeukia Sekou, katibu. Sekou akafuta mdomo kwa kitambaa. "Nami nimekula," akasema kwa huzuni. "Naona kamati haipo."

Nkatha akacheka mpaka akashika mbavu. "Aki wamelishwa wakamalizwa!"

Godlisten alikuwa amekodoa macho, kama mtu aliyeona mlango wa lifti ukifunguka na hakuna lifti. Lakini Respicius, tumpe haki yake, alikuwa mtu wa desturi kuliko wa cheo. Alinyoosha sahani. "Basi niongezeni kidogo," akasema, "kama raia wa kawaida." Wakati wa kuaga aliliacha kopo la senene mezani na kusema wenyeji wawale wenyewe, senene wamezurura vya kutosha.

Watu walipotawanyika, Nkatha alimvisha Amara buti akamchukua kwenda kuangalia treni kule stesheni. Hivyo ndivyo Vaileth na Godlisten walivyobaki peke yao sebuleni, mchana kweupe, bila mtoto, bila zamu, bila ufunguo wa gari mkononi.

Godlisten akaketi. Akasafisha koo.

"Amekula," akasema, "amekunya, amelala kido—"

"Baba Amara. Mtoto hayupo."

Godlisten akachukua senene mmoja, akamgeuzageuza, akamrudisha kwenye kopo.

"Ile kamati," akasema hatimaye, "haikunitoroka mdomoni. Niliitaka. Nilijua nikisema tu pale kwenye chai, Respicius atafanya nini."

"Kwa nini, Godi?"

"Si unakumbuka ulinionyesha picha ya kile kibaraza? Nikawaza mtoto kalala. Wewe uko hapa, mimi niko hapa." Aliongea akiangalia mikono yake. "Nikawaza, sasa nitamwambia nini? Nikaona bora twende na watu."

Vaileth alikuwa ameandaa maneno makali kwa wiki nzima, mengine ya Kihehe, na yote yakamtoka kichwani. Hofu aliyodhani ni yake peke yake, kumbe ilikuwa imepanda gari la pili pia, kila jioni, pale maegesho. Alijisikia kulia na alijisikia kumzaba kibao, akaishia kuketi karibu naye.

"Niambie umeshindaje," akasema.

"Leo? Si tulikuwa wote?"

"Leo, juzi, mwaka jana. Lifti gani imekusumbua?"

"Habari za lifti zitakuchosha."

"Nichoshe."

Godlisten akaanza vibaya, akianzia mwisho. Kulikuwa na wakili aliyekwama kwenye lifti katikati ya ghorofa mbili, yeye na mbwa wake, mbwa mkubwa kama ndama, na mbwa akamkalia wakili mguuni akagoma kuondoka. Godlisten akarudi nyuma kueleza kebo, akapotea, akarudi kwa mbwa. Vaileth akacheka pasipochekesha, halafu akacheka panapochekesha, na mumewe akainua uso kumtazama, akaanza kutia chumvi. Ilikuwa zamani sana tangu amtilie chumvi hadithi.

Mlango ukagongwa, chini, kwa buti. "No! No!" Amara alikuwa akipiga kelele nje, na Nkatha akisema wameshaona treni zote za Maryland. Godlisten akainuka nusu, mikono imeshajiweka tayari kupokea.

Vaileth akamshika shati, akamrudisha kitini.

"Ngoja kwanza," akasema. "Sasa yule mbwa, mlimtoaje?"