Kiuno Ngapi, Mama?

Betri ikizeeka humwaga maji, na maji yale hula. Hula shaba, hula waya, hula kila kilichoandikwa ndani, mpaka siku unaiwasha mashine unakuta limebaki ganda. Hayo Lala aliyasikia kwa shoga yake Herlinda, pale penye mashine za kufulia za kulipia, wawili hao wakikunja mashuka yaliyokuwa bado yana moto.

"Ya mpwa wangu ilikwisha hivyo hivyo," Herlinda alisema. "Kalkuleta ya shule, ile ya kuchora grafu. Ilikaa tu kwenye droo ikaoza yenyewe kama parachichi."

"Ilikuwa nyeusi?"

"Sasa mimi najua? Si zote nyeusi tu? Mbona umeacha kukunja, shoga? Shuka hili ni lako, sio langu."

Lala akakunja. Lakini neno lile lilikwisha kumwingia kama mwiba wa mlimau: huuoni, ila kila ukigusa kitu unakuchoma.

Yeye kikokotoo cha kwake hakikukaa kwenye droo. Kilikaa mezani, kando ya cherehani, pamoja na mkasi na chaki. Lala alishona magauni ya sherehe ya wasichana wanaotimiza miaka kumi na mitano, yale mapana ambayo msichana hapiti mlangoni mpaka ageuke ubavu. Hakuna familia pale mjini Weslaco isiyojua mkono wake. Na sketi ya duara ina hesabu yake. Tundu la katikati likizidi kidogo, sketi inateleza mpaka nyongani. Likipungua, bibie hapumui kanisani. Lala aliachia shule darasa la sita, kwao ng'ambo ya mto wa mpakani, na kwa miaka mingi alikisia tu, akaharibu vitambaa, akalia.

Mwanawe Leandro alipofika mwaka wa mwisho wa sekondari akamaliza kilio kile. Alichukua kikokotoo chake cha mtumba, kikuukuu, akaandika programu. Unabonyeza, kioo kinauliza: KIUNO NGAPI, MAMA? Unaingiza inchi. Kinakupa kipimo cha kukata, halafu chini yake kinakutupia neno, kila mara jingine. UMEKULA? Au: MIWANI IKO KICHWANI. Au: HUYU MTEJA NI MCHOYO, PANDISHA BEI.

Kabla ya mtihani mkubwa, Bwana Cantú, mwalimu wa hesabu, alipita dawati kwa dawati akifuta kumbukumbu za vikokotoo vyote, kama kanuni inavyotaka. Alipofika kwa Leandro, kijana akakifunika chake kwa kiganja. "Hiki ni cha kazi ya mama yangu, mwalimu." Cantú hakubishana. Alikwenda kabatini akamletea kingine cha kufanyia mtihani.

Kiangazi cha mwaka ule ule Leandro alikufa maji kwenye mfereji wa kumwagilia michungwa.

Tangu hapo Lala alipima viuno hata vya watu wasiokuwepo. Siku isiyo na mteja alikaa mezani, akaingiza kiuno chochote kilichomjia, ili tu aulizwe kama amekula. "Nimekula, baba," alikijibu kioo, hata siku ambayo jiko halikuwashwa.

Binti yake Chela aliwahi kumwambia, "Mama, nina waya hapa. Tuinakili programu kwenye kalkuleta yangu, sasa hivi tu."

"Iache ilipo."

"Haitoki, mama. Zinakuwa mbili."

"Kitambaa ukikipiga mkasi hakiwi viwili, Chela. Kinakuwa vipande."

"Hii sio kitambaa."

"Na wewe sio fundi." Chela akauzungusha waya wake mkononi, akaurudisha kwenye mkoba.

Sasa, mchana ule aliotoka kufua, Lala aliweka kapu chini na hakuanika hata soksi. Kioo kilikuwa kimefifia kwa siku kadhaa, maandishi yamekuwa kama pumzi kwenye dirisha. Alidhani ni uzee tu. Kumbe maji yameanza kula. Akachukua bisibisi ndogo ya cherehani, akafungua mgongo.

Betri zilikuwa kavu. Hapana tone, hapana kutu. Angeishia hapo. Lakini mtu anayetafuta doa huligeuza gauni mpaka kwenye pindo, na pembeni aliona kifuniko kingine kidogo chenye parafujo, na ndani yake betri nyingine bapa, kama kifungo cha shati. Humu ndimo maji yatakuwa yamejificha, aliwaza. Akaitoa na hiyo.

Alizifuta zote kwa pamba yenye spiriti, akapitisha pamba kila kona kwa ncha ya sindano, taratibu, akipuliza. Akaziacha zikauke juu ya kipande cha satini. Moyo wake ulitulia. Tangu mazishi hakuwa amepata kazi ya kumfanyia mwanawe, na hii ilikuwa kama kumwogesha.

Kisha akatia betri mpya. Kioo kikawaka, maandishi meusi, makali, safi kama ya kitu kipya.

"Chela," aliita baadaye. "Njoo unionyeshe, nimesahau pa kubonyeza."

Chela alikuja mbio, maana mama yake hajawahi kusahau pa kubonyeza. Alisoma maneno kwenye kioo. KUMBUKUMBU IMEFUTWA. Akatazama satini, betri kuukuu zimepangwa, pamoja na ile bapa kama kifungo.

"Mama, umetoa na hii? Hii ndiyo inayotunza kumbukumbu zile nyingine zikitoka."

"Ilikuwa na vumbi."

Chela aliketi sakafuni pale pale, kwenye vipande vya nyuzi, akaishika miguu ya mama yake.

Walimwendea Bwana Cantú shuleni. Aliwatolea kikokotoo cha siku hizi, chembamba. "Hivi vya sasa, mama, vina rangi. Kioo kina taa. Vina kasi, na betri unaichaji kama simu."

"Ukiitoa betri, kinasahau?"

Mwalimu akakigeuza mgongo. "Hapana. Hivi havisahau."

"Basi wangeanza na hilo," Lala alisema. "Rangi ingengoja."

Cantú akasema anaweza kuiandika programu ile upya, si kazi. Akauliza maneno, Lala akamtajia moja moja, la miwani, la mchoyo, mwalimu akacheka kidogo, akaandika. Alipomaliza akamsogezea. KIUNO NGAPI, MAMA? Lala akaingiza kiuno cha binti wa jirani. Kipimo kikaja, sahihi kabisa. Chini yake: UMEKULA?

Chela alingoja amsikie akisema, "Nimekula, baba." Lala aliutazama ule mstari mpaka kioo kikajizima chenyewe.

"Asante, mwalimu," alisema.

Mzazi mwenye kitu cha namna hii mezani, epuka haya:

Usitoe betri kubwa na ile ya kifungo kwa wakati mmoja.

Usiguse yoyote kabla hujanakili. Waya hauondoi kitu kilipo.

Hofu ya kwenye kufulia usiifanyie kazi siku hiyo hiyo.

Ukinunua kipya usifuate rangi wala kasi. Ulizia kama kinakumbuka kikikosa umeme.

Usisafishe kisicho na doa.

Usimwombe mtu mwingine akuandikie upya. Hesabu itatoka sawa.