Kamera Iliyofuata Saa ya Baba Eli

Abdulmajid, muuza kamera, alitaka kulifungua boksi pale pale kaunta kwake, Mtaa wa Aggrey. Nikamzuia mkono.

"Mama yangu, lazima tuijaribu kwanza. Usije kesho ukasema nimekuuzia jiwe."

"Nikikuta jiwe nitalirudisha. Nitafungua mwenyewe."

Akanitazama kama nimemtukana. Lakini nimeuza sufuria na ndoo Kariakoo miaka thelathini na moja, na najua kitu kipya kinafunguliwa mara moja tu. Mara hiyo moja sikutaka kumpa kijana wa dukani. Nikalifunga boksi ndani ya kanga, nikapita katikati ya wabeba mizigo na mikokoteni mpaka dukani kwangu, Mtaa wa Mkunguni, nikalisukuma chini ya kaunta. Nilihudumia wateja watatu huku mguu wangu umeligusa, lisije likaenda mahali.

Wacha nieleze kwa nini mwanamke wa miaka sitini na mbili ananunua kamera wakati simu anayo. Mwanangu wa mwisho, Elimringi, yuko Kanada, huu mwaka wa saba. Baba yake, Aristides, alifariki mwaka juzi mwezi wa tatu, tukampeleka kumzika nyumbani, Kilimanjaro, na Eli hakuja. Karatasi zake za kuishi kule zilikuwa hazijakaa sawa. Angetoka asingeruhusiwa kuingia tena. Nikamwambia nimeelewa. Mdomo ndio ulioelewa. Mwaka jana karatasi zikakaa sawa, Desemba ikafika, Wachaga wa Kariakoo wakafunga maduka wakapanda nyumbani kama ilivyo ada yetu, na Eli hakuja tena. Simu zake zikawa za Pasaka na Krismasi. Nikimwandikia ujumbe mrefu, ananijibu kidole gumba. Mtoto niliyemnyonyesha miaka miwili ananijibu kidole gumba!

Halafu mwezi wa nane nikamtumia picha niliyopigwa kanisani, akaandika: "Mama, picha zako zinakuja na ukungu. Sikuoni vizuri."

Maneno manane. Niliyasoma nikiwa dukani, nikayasoma nikiwa jikoni, Jumapili nikayasoma wakati wa matangazo. Nikajiambia, kumbe huyu mtoto anataka kuniona. Akiniona vizuri, atakuja. Hiyo ndiyo ilikuwa akili yangu yote, na kama ni ujinga, basi ni ujinga wa mama, hauna dawa.

Asubuhi baada ya kununua kamera niliwahi kufungua duka kabla Kariakoo haijachangamka, nikalitoa boksi. Ndani mlikuwa na kamera yenyewe, nyeusi, ndogo kuliko nilivyolipia, betri, chaja, mkanda wa kuvaa shingoni, na kijitabu cha maelezo cha lugha kumi na mbili, maandishi madogo kama chawa. Kadi ya kuhifadhia picha Abdulmajid aliniuzia mbali. Betri ilikataa kuingia. Niliisukuma, nikaisemesha, nikaisema, kisha nikagundua nimeigeuza juu chini. Ilipoingia ikalia ka! nikafurahi kama nimefunga mkataba. Nikaichomeka umeme, taa nyekundu ikawaka, nikakaa kwenye kigoda kuitazama mpaka ikazimika yenyewe, kama kijitabu kilivyosema.

Nikabonyeza kitufe cha kuwashia. Lenzi ikatoka mbele taratibu, kama kobe anayechungulia.

Kwanza ikaniuliza lugha. Nikashusha orodha yote mpaka chini, nikaipandisha, nikaishusha tena. Lugha za watu ambao sijawahi hata kuwasikia zimo, Kiswahili hakimo. Nikachagua Kiingereza, roho ikiniuma. Ikaniuliza niko mji gani. Nikatafuta Dar es Salaam. Haipo, ipo Nairobi! Yaani hata humu Wakenya wametuwahi. Nikakubali Nairobi, maana jua letu ni moja. Kisha ikataka tarehe na saa, na hapo sikuhangaika, kwa sababu saa nilikuwa nayo mkononi.

Ni saa ya Aristides. Ya zamani, ya kutia ufunguo, kioo chake kina mkwaruzo upande wa tano. Mkanda nimeutoboa tundu moja zaidi ili unishike. Marehemu mume wangu alikuwa mtu mpole kwa kila jambo isipokuwa saa. Alikuwa akisema: "Mdomo unasema saa tatu, mshale unaonyesha tisa. Mmoja hapo ni mwongo, na mimi mdomo wangu hausemi uongo." Basi akageuza mishale ifuate mdomo. Ikiwa saa tatu asubuhi, saa yake ilionyesha tatu. Watu walimcheka stendi, walimcheka kanisani, hakujali. Eli akiwa darasa la pili alichora saa ya baba yake kwenye mtihani, mwalimu akamkata. Aristides alifunga duka siku hiyo, akaenda shule kugombana na mwalimu, na akarudi na alama moja ya mtoto.

Kwetu nyumba ya baba huachiwa mtoto wa kiume wa mwisho. Nyumba kule mlimani na migomba yake inamsubiri Eli, na saa nayo ni yake. Mimi mtunzaji tu. Kila asubuhi kabla ya chai naitia ufunguo, na tangu mwenyewe afariki haijawahi kusimama hata siku moja.

Nikaiangalia. Saa tatu na dakika tano. Nikaandika 03:05, nikabonyeza sawa. Kamera ikatii.

Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta ni Tushar, anauza pazia na zipu, kijana wa kina Champaben, Wahindi wa siku nyingi hapa mtaani. Nilimwita aje anipige.

"Duh, Mama Eli! Hii mashine ya maana," akasema, akaigeuzageuza. Kisha akataka kubandua ile plastiki ya kwenye kioo, nikampiga kofi mkononi.

"Iache. Inalinda."

"Inaziba, mama. Utaona kila kitu kama kuna moshi."

Nikakumbuka ukungu wa Eli, nikamwachia aibandue. Nikampiga picha yeye kwanza, ikatoka nusu kichwa. Nikapiga minara ya ndoo mbele ya duka, nikapiga mtaa ukiwa na watu wake. Halafu nikakaa kwenye kigoda, nikanyoosha kilemba, nikaweka mikono juu ya kaunta, Tushar akapiga. Tukaitazama kwenye kioo. Kila kunyanzi lilionekana. Hata uzi uliochomoka kwenye ukosi wa gauni ulionekana. Nimezeeka, jamani, na hakuna aliyeniambia. Lakini hiyo ndiyo niliyoitaka, mtoto anione nilivyo.

Tushar akaichomoa kadi, akaiingiza kwenye kompyuta yake, akazihamishia picha kwenye simu yangu na kunionyesha namna ya kuzituma zisipungue ubora. Nikamtumia Eli tatu: ndoo, mtaa, na mimi. Nilikuwa bado natabasamu Tushar aliposogeza uso karibu na simu.

"Mama Eli, umeona hapa pembeni? Imeandika 03:12."

Kweli, chini kwenye kona palikuwa na tarehe na saa kwa rangi ya chungwa.

"Sasa?"

"Hiyo ni saa tisa usiku."

"We Tushar, sasa hivi ni saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Na hapo imeandika ngapi?"

"Tatu, ila..."

"Ila nini?"

Akacheka mpaka akashika kaunta. "Ila kamera haijui Kiswahili, mama. Yenyewe inataka 09:12. Eli ataona umekaa dukani saa tisa za usiku, kilemba kichwani, unauza ndoo kwa wachawi."

Mimi ni mtu wa kucheka, lakini kile kicheko kilinichoma. Nikamwona Eli kule anawaonyesha wenzake: huyu ndiye mama yangu, hata saa ya kamera hajui kuiweka. Nikataka kuzifuta. Tayari tiki zilikuwa mbili, na zimegeuka buluu. Ameziona.

"Usiwaze, kesho asubuhi nitakurekebishia, ni dakika moja," Tushar akasema, akaenda kwa wateja wake.

Saa sita Eli hakujibu. Saa tisa hakujibu. Hata kidole gumba hakikuja, nikajikuta nakitamani. Niliuza siku nzima bila kujua nauza nini. Mteja mmoja wa Mbagala nilimfungia mifuniko bila sufuria zake. Jioni nilifunga duka nikiwa na hasira ya kamera, ya Abdulmajid, ya Nairobi, ya Kanada, na chini ya hasira zote palikuwa na jambo moja tu: namtaka mwanangu. Nataka nimsikie akivua viatu mlangoni. Nataka nimkaripie kwa kula amesimama. Namtaka mpaka mikono inaniuma, na sijawahi kumwambia, kwa sababu mama Mchaga hasemi "njoo" mara mbili, na ya kwanza niliisema siku ya msiba.

Kesho yake, saa tano na robo, Tushar alikuja kama alivyoahidi. Alikuwa ameishika kamera, anatafuta pa kubadilishia saa, simu yangu ikaita. Eli. Haikuwa Pasaka wala Krismasi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kuna tatizo?"

Nikasikia anapumua.

"Mama, ile saa ya kwenye picha. Umeiweka kwa saa ya baba?"

Nikajitayarisha kuchekwa. "Ndiyo. Ndiyo saa niliyonayo. Tushar yuko hapa anairekebisha."

"Asirekebishe!" Alisema kwa nguvu mpaka Tushar akasikia, akainua vidole kutoka kwenye vitufe. Halafu sauti ya mwanangu ikakatika. Analia. Mwanaume wa miaka thelathini na mbili, na mimi niko katikati ya ndoo, nchi na nchi, siwezi hata kumfuta machozi kwa upindo wa kanga.

"Niliiona jana nikiwa kazini, zamu ya usiku," akasema. "Nikaona 03:12 na jua limewaka mtaani. Nikajua. Hakuna mtu mwingine duniani mwenye saa hiyo. Nilishindwa kuandika, mama. Nilidhani ilizikwa naye."

"Nani azike saa nzima? Iko mkononi kwangu. Kuza picha, utaiona."

"Nimeiona. Bado inatembea?"

"Naitia ufunguo kila asubuhi." Nilitaka kuishia hapo. Mdomo ukakataa, ukasema wenyewe. "Naitia ufunguo isije ikanifia mikononi kabla hujaja kuichukua. Ni ya kwako, Eli. Nimechoka kuitunza peke yangu. Njoo."

Mara ya pili. Nimeisema, na dari haikuanguka.

"Nimetafuta tiketi mara nne tangu mwaka jana," akasema polepole. "Kila nikitaka kulipa naogopa. Sikumzika, mama. Nitafika pale mlangoni niseme nini?"

"Utasema hodi," nikamwambia. "Mtu akifika kwao anasema hodi. Mimi nitakuwepo kukujibu karibu."

Tushar alikuwa amegeukia ukuta, anasoma kalenda ya mwaka jana kwa makini sana. Eli akasema lazima arudi kazini, akasema nimpigie picha ya saa peke yake, akakata.

Nikaweka mkono wa kushoto kaunta, nikaishika kamera kwa mkono wa kulia, nikapiga. Ya kwanza ikatikisika, ya pili ikatulia. Mshale mfupi umepita tano, mrefu uko kwenye sita, na pale kona 05:30. Tangu Aristides ageuze mishale yake ilikuwa mara ya kwanza saa nyingine kukubaliana naye. Nikamtumia.

Nilikuwa nampimia mteja sufuria za namba, zile za kuingiana, ujumbe ulipoingia. Nikamwacha mteja amesimama.

"Nimelipa. Natua tarehe 18 Desemba. Tiketi imeandika 14:00, lakini wewe andika 08:00."

Tushar alichungulia begani kwangu akasoma, hana adabu huyu mtoto. "Saa mbili asubuhi? Barabara itakuwa na foleni, Mama Eli, itabidi uende uwanja wa ndege alfajiri."

"Saa nane mchana," nikasema. "Saa nane ni saa nane."

Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta, mteja akadhani nimefiwa, akaanza kunipa pole. Nikamwambia sijafiwa. Tushar akaichukua tena kamera, akaanza kubonyeza.

"Basi wacha nimalizie hii saa, mama, dakika moja tu."

Nikamnyang'anya, nikaivaa shingoni.

"Iache hivyo hivyo," nikamwambia. "Mwenyewe anakuja."