Milioni Mbili na Ushei

Fundi cherehani huyu aliishia darasa la saba, lakini namba ya utepe uliofungwa mkononi mwa binti yake pale wodini aliikariri mpaka ikamkaa kichwani: 2746315. Wodi ile ilikuwa na wasichana wawili wa jina moja, wa kwake na wa kitanda cha dirishani, na tangu alipolijua hilo moyo haukumtulia.

"Mama, utaifuta kwa macho," binti alimtania, midomo imempauka kwa kupungukiwa damu. "Hebu tuichambue."

Wakaichambua. Ni witiri, kwa kuwa inaishia na tano. Tasa siyo, maana tano yenyewe inaigawa. Tatu haiigawi, kwa sababu jumla ya tarakimu zake ni ishirini na nane. Hayo mama aliyajua tangu shule. Kisha binti akamfundisha jipya: ruka moja moja. Mbili, nne, tatu, tano: kumi na nne. Zilizorukwa, saba, sita, moja: kumi na nne vilevile.

"Zikilingana hivyo, kumi na moja inaigawa bila kubaki kitu."

"Na mimi inanisaidia nini?"

"Utapata cha kufanya, uache kunitolea macho kama nimeshakufa."

Saa nne asubuhi muuguzi akaja na mfuko wa damu. Akasoma jina, likawa sawa. Mama akaomba aione namba ya mfuko. Akajumlisha kwa vidole: ishirini na nane. Akashusha pumzi, mkono wa binti ukanyooshwa. Lakini roho ikamsumbua, akazipitia tena kwa kuruka. Kumi na mbili. Zilizorukwa, kumi na sita.

"Dada, ngoja kidogo. Hii haigawiki."

"Haigawiki nini, mama?"

"Kwa kumi na moja. Ya mwanangu inagawika."

Muuguzi angeweza kumwambia akakae. Hakumwambia. Aliulaza mfuko kando ya mkono wa binti, akafuata tarakimu kwa kidole: 2746135. Tatu na moja zilikuwa zimepishana.

"Huu ni wa dirishani," akasema, akauondoa mfuko.

"Jumla haiwaoni waliobadilishana viti, mama," binti akasema polepole. "Inaona wamo walewale."

Mfuko wake ulipoletwa, waliusoma wote watatu. Tone la kwanza liliposhuka, mama alimshika muuguzi mikono yote miwili.

"Ahsante kwa kunisikiliza, mwanangu."

"Ahsante wewe, mama. Ungeona haya kuuliza, leo uso wangu ningeuweka wapi."

Mama akavuta kiti mpaka dirishani, kwa mama wa yule msichana mwingine.

"Dada, namba ya mwanao unaijua?"

"Si ipo mkononi mwake?"

"Mkononi inangoja kusomwa. Ya kwako haigawiki kwa kumi na moja, nimeshaijaribu. Usijali, ina ukaidi wake: kumi na mbili kwa kumi na sita. Tutaishika kwa huohuo. Anza kuziruka moja moja."