Rupia Mbili za Kaleb

Sufiani na Kaleb walikuwa marafiki kwa miaka mingi, na hawakuwahi kuonana.

Sufiani alikuwa fundi saa wa Old Korogwe. Mkewe alikwisha kufariki, watoto wake wote wako Dar, na kazi yenyewe ilikuwa imefifia kwa kuwa siku hizi watu wanatazama saa kwenye simu. Kilichomshughulisha ni sarafu za zamani. Siku moja mchuuzi wa ng'ombe alimpelekea saa imekatika mkanda, akaziona mezani heli, zile senti za Mjerumani zenye tundu katikati, akacheka.

"Kumbe wagonjwa mko wawili! Yuko mzee wa Kimasai kule Handeni, Kaleb, alikuwa anakusanya ushuru mnadani. Ana maradhi hayo hayo."

Akampa namba.

Tangu hapo wakawa wanapigiana simu jioni baada ya magharibi. Aliyekuwa na sarafu mbili za aina moja alimtumia mwenzake moja kwa kondakta wa basi, imefungwa kwenye kipande cha kitambaa. Kaleb ndiye aliyemfundisha Sufiani kutambua sarafu ya fedha halisi kwa sikio. "Idondoshe kwenye jiwe," alimwambia. "Ya kweli inalia mpaka unaisikitikia. Ya uongo inasema *ta*, basi."

Hapakuwa na mwingine wa kuzungumza naye mambo hayo. Watoto wa Sufiani wakisikia neno sarafu walikuwa wanaaga haraka. Watu wa mtaani nao walimjia wakiamini kila rupia ni mamilioni, na akiwaambia ukweli walinuna wakidai anataka kuwadhulumu.

Sarafu moja tu Kaleb hakukubali itoke kwake: ya rupia mbili, yenye simba na mnazi upande mmoja na mfalme wa Kijerumani upande wa pili, aliyosema kaachiwa na baba yake. Sufiani aliijua kwa picha tu, maana zilizobaki ni chache mno.

"Siku ukija utaishika kwa mkono wako," Kaleb alikuwa akisema.

Lakini kila Sufiani alipotaja siku, palikuwa na jambo. Mara mvua imeharibu njia, mara mguu unamsumbua, mara ana wageni. Mwishowe Sufiani aliacha kuuliza. Moyoni ilimuuma. Alijiambia kwamba mwenzake anampenda kwenye simu tu.

Kisha simu ya Kaleb ikawa haipatikani. Sufiani alipiga kila jioni, wiki ikapita, na ya pili. Ndipo alipovaa kanzu yake safi akapanda basi la Handeni. Akauliza mnadani, akaelekezwa nyumba ya bati iliyo pembeni ya zizi.

Mwanamke wa makamo alitoka akijifuta mikono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Namtafuta mzee Kaleb."

"Mimi ni binti yake, Simaloi. Baba tumemzika, wiki ya pili sasa."

Sufiani alishika nguzo ya kibaraza. "Mbona sikuambiwa?"

"Samahani, baba. Wewe ni nani?"

"Sufiani. Wa Korogwe. Wa sarafu."

Simaloi alijaribu kukumbuka, akatikisa kichwa. "Hakututajia. Tulikuwa tunamwona jioni anatoka na simu yake kwenda kule zizini, anacheka peke yake. Tulidhani anaongea na wanunuzi wa ng'ombe."

Alimpa kigoda, akamletea chai ya maziwa. Kisha akaja na mkebe. "Kama unazijua hizi, tuambie. Kaka yangu Parit anasema ile kubwa inanunua gari."

Sufiani alifungua. Nyingi alizituma yeye, bado zimo kwenye vitambaa vyake. Chini kabisa, peke yake, ilikuwapo ile ya rupia mbili.

Aliitia kiganjani, na kabla hajaitazama vizuri alijua ni nyepesi. Akatoa kioo chake cha ufundi. Ukingoni palikuwa na mstari ulioachwa na kalibu ya kumiminia, na masharubu ya mfalme yalikuwa na vishimo kama uji uliochemka. Akaidondosha kwenye jiwe la ngazi.

*Ta.*

Aliinama akaiokota, akabaki ameinama. Kaleb hakuwa mtu wa kudanganywa na sauti ile. Mvua, mguu, wageni, vyote vilikuwa kwa ajili ya hii.

"Hii si ya kweli, mwanangu," alisema. "Ni ya kumiminwa. Haiuziki."

Uso wa Simaloi ulisawijika. "Parit hatakubali."

"Mwambie aipeleke kwa sonara yeyote."

"Na baba alijua?"

Sufiani angeweza kusema hapana. "Alijua. Nadhani siku za mwanzo alinisifia kuwa anayo, kisha akashindwa kulirudisha neno. Aliogopa nikija nikaiona nisingempigia tena."

"Na wewe? Ungeacha?"

"Ningekuja hata kama angekuwa hana sarafu hata moja."

Sufiani akamchagulia zile chache zenye thamani kidogo, akamweleza asizisugue kwa majivu. Simaloi akamwambia achukue anayoitaka. Sufiani alizitazama, kisha akafunika mkebe. Hakujua angemwonyesha nani.

Aliomba apelekwe kaburini. Lilikuwa nyuma ya zizi, udongo bado mwekundu, na msalaba wa mbao. Aliinua mikono akaomba kwa namna yake, huku Simaloi amesimama kando. Alipomaliza hakuondoka mara moja. Alitamani kumgombeza Kaleb, na hakujua aanzie wapi na mtu ambaye hakuijua hata sura yake.

Kwenye basi la kurudi, mama mmoja aliyeketi naye alimwona anajipangusa macho.

"Pole, mzee. Unatoka msibani?"

"Ndiyo."

"Ndugu yako?"

"Rafiki yangu."

"Pole sana. Mmekaa pamoja muda mrefu?"

Sufiani alitazama mashamba ya Sindeni yakipita dirishani.

"Leo ndiyo nimefika kwake," alisema.