Nafasi ya Kuitikia

Msumeno alikuwa fundi wa kupiga rangi magari, na jina hilo alibandikwa na wenzake wa gereji kwa sababu ya koo lake: akiimba unadhani mtu anapasua mbao. Bendi yao ilikuwa ya watu wanne, ya muziki wa roki, na kila Jumapili gereji ikifungwa walipiga humo humo mpaka mabati yakatetemeka na majirani wakawaombea mabaya. Miaka sita ya kelele tupu. Ndipo wakarekodi wimbo wao wa kwanza, "Uko Wapi".

Wimbo wenyewe haukuwa na makuu. Kwenye kiitikio Msumeno anauliza, "Uko wapi?" kisha ala zote zinanyamaza kwa mapigo manne. Anauliza tena, kimya tena, hivyo hivyo mara nne. Fundi wa studio aliwashauri wapajaze pale, wakakataa katakata. Walipaacha wazi makusudi, ili siku ya onyesho umati uitikie wenyewe. Maringo tu hayo, maana umati wenyewe walikuwa hawajawahi kuuona.

Redio iliupiga Jumatatu asubuhi. Kufikia saa nne simu za kituo zilikuwa hazishikiki, na kila aliyepiga alitaka kujua jambo moja: yule mama anayeitikia ni nani, na hawa wapiga kelele wamemtoa wapi?

"Mama gani?" mpiga dramu akauliza.

Wakausikiliza upya gerejini, vichwa vinne vimeinamia spika moja. Hamna kitu. Wakadhani wanataniwa, lakini ni utani gani huo wa watu chungu nzima wasiojuana? Kinyozi alimsikia. Muuza vipuri alimsikia. Wote walisema lile lile: mara tatu za mwanzo anaitika, "Nipo," na mara ya nne anasema, "Njoo." Msumeno alicheka mbele ya wenzake. Wiki ya pili wimbo ukashika namba moja.

Sasa njoo nyumbani kwake. Msumeno aliishi na baba yake, mpiga chapa mstaafu, mjane tangu mwanawe hajaanza hata kutambaa. Mama aliacha picha moja tu ukutani. Sauti yake Msumeno hakuijua, wala hapakuwa na kanda wala chochote cha kumjulisha. Na huyu mzee, ambaye miaka yote aliuita muziki wao kugonganisha masufuria, sasa alishinda amekaa ubavuni mwa redio.

"Baba, umeanza lini kupenda masufuria yetu?"

"Nyamaza, inafika." Mzee aliinua kidole, akasikiliza mpaka mwisho, akatabasamu. "Mama yako huyo."

"Baba, jamani."

"Nimeishi naye miaka kumi na mmoja. Wewe ndiye wa kunifundisha sauti ya mke wangu?"

Msumeno aliingia chumbani akajifungia. Hofu alikuwa nayo, lakini wivu ndio uliomtafuna zaidi. Mji mzima unamsikia mama yake, mpaka kinyozi, kasoro yeye aliyezaliwa naye.

Kisha mzee akaacha kula. Kila asubuhi alinyoa ndevu, akavaa koti lake la harusini, akaketi karibu na mlango. Muuguzi wa zahanati alimpima kila kitu asione ugonjwa, na huku koti linazidi kumpwaya.

"Nimeitwa, mwanangu," alisema, mpole kabisa. "Mtu akiitwa anakwenda."

Siku hiyo hiyo Msumeno aliwaita wenzake akawaambia wimbo unarudiwa, na ile nafasi inazibwa.

"Una wazimu?" mpiga dramu akasema. "Wimbo uko namba moja, unaugusa wa nini?"

"Anayekwisha ni baba yangu, si wako."

Kesho yake mchana Msumeno akasimama studio peke yake, hedifoni masikioni, fundi nyuma ya kioo. Sauti yake mwenyewe ikauliza, "Uko wapi?"

"Nipo."

Ilikuwa sauti ya mwanamke mwenye shughuli zake, aliyeitika bila kugeuka, kama mtu anayejua hujaenda mbali. Msumeno alisahau kuimba.

"Umechelewa kuingia," fundi akasema. "Turudie?"

"Acha iende."

"Nipo," akaitika tena. Na tena. Machozi yalimshuka Msumeno hadi shingoni wala hakuyafuta. Alijua neno linalofuata, na maisha yake yote hakuna kitu alichokitaka kama kuitwa na mama huyu, walau mara moja. Swali la nne likapita. Akafumba macho, akaimba, "Nipo," kwa nguvu zote alizopewa na Mungu, asisikie kingine chochote.

Kisha wakarudia zile tatu za mwanzo. Akamfunika mama yake mara tatu nyingine.

Redio ikaanza kupiga toleo jipya. Wasikilizaji walilalamika siku mbili, wakazoea. Mzee aliusikiliza mara moja tu, akazima redio, akakaa vile vile mpaka alasiri. Ndipo akavua koti, akauliza kama kuna chakula.

Alikula nusu sahani. Msumeno alikuwa anafuta meza.

"Mlipokuwa mnarudia," mzee akasema, "ulimsikia?"

Msumeno aliendelea kufuta pale pale palipokwisha kutakata. Akisema ndiyo, mzee atataka kujua alisemaje na kwa sauti gani, na kesho atakuwa mlangoni tena.

"Hapana, baba. Sijawahi kumsikia."

Mzee alimtazama kwa huruma.

"Pole, mwanangu," akasema. "Ungempenda."