Shimo la Pembeni

Unanicheka, Klara? Umeona nimeliruka shimo lako la pembeni lenye kete saba, ukadhani shangazi amezeeka, hesabu zimempotea. Kaa vizuri kwanza, na huo mguu usiguse ubao. Nitakueleza, maana baba yako hatakueleza.

Hii ni isolo, ambayo watu wa pwani huiita bao. Mistari minne, mashimo manane kila mstari, miwili yako, miwili ya mwenzako. Kila shimo kete mbili. Unachota shimo moja, unazunguka ukidondosha moja moja. Kete ya mwisho ikiangukia mstari wako wa mbele, kwenye shimo lenye wenzake, na shimo la mwenzako linalotazamana nalo lina kete, unazila. Ikiangukia patupu, umelala, zamu si yako tena. Mengine yote ni kunyamaza na kuhesabu, na hayo mawili hukujaliwa.

Babu yako Bujiku ndiye aliyetufundisha, mimi na baba yako. Hakuwa na huruma. Watu walitoka Kahama mjini kuja kumjaribu, wakarudi wamefagiwa. Sisi wanawe pia alitufunga kila siku, mpaka mimi nikalia. Lakini jambo moja hakulifanya kamwe: shimo letu la pembeni, lile la mwisho kwenye mstari wa mbele, hakulila. Hakutuambia. Tuligundua wenyewe, tukawa tunarundika kete humo. Mtu baki alimla kote kote. Mwanawe hakumla pembeni.

Mwaka wa njaa, arobaini na tisa, baba yako Masele aliondoka kwenda machimbo ya Geita. Mama yetu alikuwa kitandani, hawezi hata kujigeuza. Baba alimwambia, "Ngoja tuone mama yako anaendaje." Hakungoja. Aliondoka alfajiri bila kuaga, na mwezi wa tatu mama akafa. Habari zilimfika huko huko Geita, na hakuja. Baadaye alisema aliona aibu, na kila mwezi uliopita aibu ilizidi kunenepa. Sitamtetea. Niliosha maiti ya mama bila ndugu yangu, na nilimchukia.

Kwenye matanga baba alisimama mbele ya watu akasema, "Masele ni mtu baki. Siku akija nitacheza naye kama mtu baki, nitamla mpaka pembeni." Kisha akaketi. Miaka minne hakulitaja tena lile jina, nasi hatukulitaja mbele yake.

Halafu kiharusi kikampiga. Upande wa kulia ukafa na ulimi ukafungwa. Akawa anatutazama tu, mkono wa kushoto ndio pekee ukisogea juu ya blanketi. Chuki yangu niliiweka kando, nikatuma neno kwa dereva wa lori la Geita. Siku ya nne Masele akaingia uani na mabuti ya mgodini, amekonda, anakohoa.

"Shikamoo, baba."

Baba akageuza uso ukutani.

Siku tatu Masele alichuchumaa pale mlangoni. Alikuwa amemwona mama yako, Paskazia, kule Geita, na wakwe walikuwa tayari kupokea ng'ombe. Lakini kwetu mtu hajengi mji juu ya hasira ya baba yake. Ukisimama leo, kesho utaanguka. Aliniambia, "Zipora, akifa bila kunisamehe, sitaoa. Sitamwingiza mtoto wa watu kwenye laana." Na mwenye kusamehe hakuwa na ulimi wa kusema.

Baba yetu mdogo, Mageni, alikuwa amekuja kumwangalia kaka yake. Yeye hakujua kufunga mdomo hata kwenye nyumba ya mgonjwa. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akamwambia Masele. "Rudi kwenye mashimo yako, bwana. Hapa umeshazikwa."

Hasira ilinipanda. Niliingia ndani nikatoa ubao huu huu, nikauweka kwenye kigoda mbele ya baba, nikapanga kete. Baba aliutazama. Kisha akausogeza mkono wa kushoto, akachota.

"Kaa," nikamwambia Masele.

Walicheza asubuhi nzima. Mkono wa baba ulidondosha kete chini, nami nikawa naokota. Mara mbili alichota shimo, akarudisha, akaanza upya. Masele alicheza kwa woga, na kwa mazoea ya utoto akajikuta anarundika pembeni. Zikafika kete tisa. Hapo nikaona, na Mageni akaona, na Masele mwenyewe akaona: baba alikuwa na shimo la kete tano, na ya tano ingeangukia mahali pale pale panapotazamana na zile tisa.

Baba akagusa lile shimo la kete tano. Kidole kikakaa hapo. Akamtazama Masele, kisha akakiondoa, akachota kete mbili za shimo lingine, akalala patupu.

Mageni akaguna. "Hakuziona. Huyu Bujiku tuliyemjua amekwisha kuondoka."

Uso wa Masele ukasawijika. Aliamini, kwa sababu mtu aliyejihukumu mwenyewe haamini msamaha hata akiwekewa mkononi. "Nimechelewa," akasema. "Hajui hata anacheza na nani." Akainuka, akaanza kufunga mzigo wake.

Nami niliogopa, Klara, sikufichi. Labda Mageni alisema kweli. Lakini nilikuwa nimemtazama baba machoni, na hayakuwa macho ya mtu aliyepotea. Nikamfuata Masele nikamshika shati. "Simama hapo. Usiende popote."

Nikarudi ubaoni. Nikachukua zile kete mbili za mwisho alizodondosha baba, nikazirudisha zilikotoka. Kila kitu kikawa kama kilivyokuwa: zile tano kwake, na zile tisa pembeni mbele yake.

"Baba mdogo, keti wewe mahali pa Masele."

"Mimi? Ya nini?"

"Keti."

Akaketi huku ananung'unika. Baba akamtazama mdogo wake. Hakusita hata kidogo. Akachota zile tano kwa mkono wa kushoto, akadondosha moja, mbili, tatu, nne, na ya tano ikafika ilipotakiwa kufika. Akanyoosha mkono, akazoa kete zote tisa za pembeni. Akaendelea kuzunguka nazo, akala tena, na tena, mpaka mstari wa mbele wa Mageni ukabaki mtupu.

Mageni aliinuka, akampisha Masele.

Masele alikuja taratibu, akaketi. Machozi yalikuwa yanamtoka wala hakuyafuta. "Shikamoo, baba," akasema tena.

Baba hakuwa na marahaba ya kumpa. Alianza kuokota kete na kuzipanga upande wa Masele, mbili mbili, kama alivyokuwa akitupangia tulipokuwa hatujui hata kuhesabu. Alianzia pembeni. Ilichukua muda mrefu sana, na hakuna aliyemsaidia.

Alikufa mwezi uliofuata, na Masele ndiye aliyemshika kichwa. Baada ya mavuno akamwoa mama yako.

Basi. Ukicheza na watoto wa jirani, kula kote, usimwonee mtu haya. Ukija kupata wako, utajua la kufanya. Haya, zamu yako, chota, na hizo saba ziache hapo hapo zilipo.