Zamu ya Doto

Msimu ule pamba iliingia ndani na kuwabana wenye nyumba. Specioza alikuwa ameirundika chumbani tangu mavuno, nyeupe mpaka dirishani, ikisubiri siku ya kupelekwa kwenye mizani, na yeye na bintiye Kulwa wakawa wanalala pembeni yake kama wageni waliochelewa kufika. Nyumba yenye pamba haina mwangwi. Ukiita, sauti inaingia katika ule weupe na haitoki. Jirani zake pale kijijini Sola walilalamikia vumbi na panya, Specioza hakulalamika. Mchana, jua likipenya kwenye matundu ya bati na nyuzi za pamba zikielea hewani bila haraka ya kwenda popote, alijilaza pale kidogo, na akijilaza tu alimsikia Doto akicheka upande wa ukutani. Hakumwambia mtu. Angeambiwa amechanganyikiwa, na yeye alijua akili zake ziko timamu. Alikuwa na hamu ya mwanawe, basi.

Kulwa na Doto walikuwa mapacha, wasichana, na kati yao Doto ndiye aliyepewa mdomo. Ukiuliza swali katika nyumba ile, Doto alijibu kwanza, tena upesi, halafu Kulwa akafuatia na neno lilelile, polepole, kama anayelionja. Mnataka nini? Uji. Uji. Nani kamwaga maji? Kuku. Kuku. Watu walikuwa wakiacha shughuli zao kuja kuwasikiliza na kucheka. Kisha ukaja msimu wa mvua wenye homa mbaya, Doto akaondoka, na Kulwa akanyamaza. Alifunga mdomo siku ya mazishi, na mvua nyingine ilikuja ikapita bila yeye kutamka neno. Hospitali walimpima masikio, wakasema mazima. Wakamtazama koo, wakasema zima. Daktari akawaambia wavute subira.

Bibi yake, Nyanjige, mama mkwe wa Specioza, subira hakuwa nayo hata ya kumkopesha mtu. Yeye alishika ya wazee wake. Mabasa, ndivyo alivyowaita mapacha kwa Kisukuma, hupewa sawasawa. Ukimpa mmoja umpe na mwenzake, awe yupo, awe hayupo, maana anayenyimwa atakuja kumvuta aliyebaki. Kwa hiyo kila asubuhi Specioza alimimina uji katika vikombe viwili vya plastiki, chekundu na cha kijani, akaviweka mkekani. Kulwa alikunywa cha kwake chekundu. Cha kijani kilipoa, kikafanya ngozi juu, mwisho uji wake ukaliwa na kuku. Ngassa, baba wa watoto, alikuwa ameswaga ng'ombe kwenda upande wa Mwandoya kutafuta malisho, na kila alipopiga simu aliuliza jambo moja kabla hata ya salamu.

"Kasema?"

"Bado," Specioza alimjibu, na wote wawili wakasikiliza upepo wa kwenye simu.

Ndipo alipokuja Muzdalifa. Alikuwa binti wa mwenye duka la vitenge Bariadi mjini, yuko mwaka wa mwisho chuoni Dar es Salaam, anasomea tiba ya usemi na lugha. Utafiti wake ulihusu watoto waliochelewa kusema au walioacha kusema, na jinsi wanavyozungumzishwa nyumbani kwao. Nyanjige alimkagua kuanzia hijabu mpaka viatu.

"Mwangaluka, mayu," msichana alisalimia, kwa Kisukuma chenye lami ya mjini.

"Mwangaluka. Wewe ni mganga?"

"Hapana, bibi. Mwanafunzi."

"Dawa umeleta?"

"Sina dawa. Nimekuja kuangalia tu."

"Kuangalia!" Nyanjige akamgeukia Specioza. "Mtu kasoma mpaka Dar, anakuja kutuangalia sisi!"

Muzdalifa alicheka yeye wa kwanza, na kwa kicheko hicho akapewa kigoda. Alisimamisha simu yake juu ya kinu ili irekodi, akatandaza mkekani kadi zenye picha: kiatu, ndizi, mbwa, garimoshi. Akamwonyesha Kulwa moja moja na kumwuliza, hii ni nini? Kulwa alitazama kila picha, kisha akageuza shingo pembeni. Muzdalifa akaandika: hajibu. Akaja tena juma lililofuata, na lililofuata, na kila mara akaandika vilevile.

Specioza alitaka mwanawe aseme kuliko alivyotaka kitu kingine chochote duniani. Lakini kulikuwa na kitu kingine alichokiogopa, na hakikuwa na jina. Ilikuwa ile nafasi ndogo inayokuja baada ya swali. Zamani haikuwepo, Doto aliijaza hata kabla hujafika mwisho wa kuuliza. Sasa ukiuliza tu inafunguka miguuni pako kama kisima kisicho na mfuniko, na Specioza hakuweza kusimama ukingoni. Aliiziba mwenyewe, haraka haraka. Kulwa, unataka nini? Anataka uji huyu. Kulwa, umelala vizuri? Amelala vizuri. Watu walimsifu kwa kumzungumzisha mtoto.

Siku moja Muzdalifa alifika bila kutoa kadi. Alikaa kwanza, akichezea pindo la hijabu yake.

"Mama Kulwa, nadhani nimekosea," alisema. "Naomba tuangalie kitu pamoja."

Nje jua lilikuwa kali, kioo cha simu hakionekani, wakaingia chumbani kwenye pamba. Muzdalifa akaipunguza video mwendo. Mle ndani ya simu kila kitu kikawa kinakwenda kama ndotoni: kuku anapita na kila hatua anaifikiria, moshi wa jikoni unapanda na kusita. Specioza akajiona mwenyewe, mdogo kama kidole, akiinama na kuuliza. Akamwona Kulwa akigeuza uso kushoto, kilipo kikombe cha kijani. Kulwa akakaa hivyo, ametulia, anasikiliza. Kisha uso ukarudi taratibu, midomo ikaachana, kifua kikajaa pumzi. Hapo sauti ya Specioza, nzito kwa kupunguzwa mwendo, ikaangukia juu yake: anataka uji huyu. Midomo ikafungwa.

Muzdalifa akafungua video ya siku nyingine. Ilikuwa hivyohivyo. Na nyingine pia.

"Mimi niliandika hajibu," Muzdalifa alisema. "Nilikuwa natazama kadi zangu. Sikujiuliza anageukia nini."

"Anamgeukia Doto," Specioza alisema.

"Nadhani anampa zamu yake. Doto si ndiye alikuwa akianza? Anamngoja aanze. Halafu zamu ikifika kwake..."

"Mimi namnyang'anya."

Alijisikia vibaya, vibaya kweli, kama mtu aliyesikia mwizi ndani ya nyumba, akawasha taa na kukuta ni yeye. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Muzdalifa alimshika mkono.

"Usijilaumu, dada. Akina mama wengi hufanya hivyo, ni upendo. Na mimi siwezi kukuahidi kitu. Hapa nilitumwa kuangalia, na wapo wanaochukua muda mrefu sana. Ila nakuomba jambo moja. Ukimwuliza, usijibu. Kaa tu."

"Nikae mpaka lini?"

"Mpaka Doto amalize."

Nyanjige alikuwa mlangoni, na wala hakujisumbua kujifanya anapita. "Na vikombe?" aliuliza.

"Vibaki viwili, bibi. Sikuja kuvunja chochote."

"Haya," alisema Nyanjige. "Hapo tumeelewana."

Asubuhi iliyofuata Muzdalifa alifika kwa bodaboda uji ukiwa bado jikoni. Specioza aliumimina, chekundu na cha kijani, akaviweka mkekani karibu na pamba. Katika cha kijani aliongeza sukari, kama alivyokuwa akiongeza kila siku bila kumwambia mtu. Akapiga magoti, Nyanjige na Muzdalifa wakitazama kutoka mlangoni.

"Kulwa na Doto," alisema. "Mnataka nini?"

Nafasi ikafunguka.

Kulwa akageukia kushoto. Specioza akauma pindo la kanga yake kwa meno yote. Nyuzi za pamba zilielea katika mwanga, zikashuka, zikabadili mawazo, zikapanda tena. Mahali fulani ng'ombe wa watu walipita na kengele zao, na pamba ikaimeza sauti ya kengele. Maneno yalimjaa Specioza mdomoni, anataka uji huyu, anataka uji, akayameza, yakirudi akayameza tena. Kisha, bila kukusudia, akajikuta anafanya kama Kulwa. Aligeukia kikombe cha kijani, naye akangoja. Alingoja kwa moyo wake wote Doto ajibu. Alitega sikio ukutani, kule kilikokuwa kikitoka kicheko chake mchana.

Doto hakujibu.

Siku ya mazishi watu walimshika mikono, wakamfunika kanga, wakamwimbia, na yeye hakuona kaburi. Alikuja kuliona asubuhi ile, juu ya mkeka wake mwenyewe, na akamwacha Doto alale.

Kulwa akarudisha uso. Midomo ikaachana, kifua kikajaa.

"Kimoja," alisema.

Sauti ilikuwa na kutu, haijatumika siku nyingi. Kulwa akakishika kikombe cha kijani kwa mikono miwili, akakisukuma polepole mkekani, mpaka kikagusa goti la mama yake.

"Kimoja," alirudia, akachukua chekundu chake, akanywa.

Specioza alimtazama mama mkwe wake kwa hofu. Nyanjige alikitazama kikombe, akamtazama mjukuu, midomo ikimcheza.

"Kunywa," alisema mwishowe. "Katoa pacha mwenyewe. Mimi kesi sina."

Muzdalifa alikuwa analia waziwazi, na simu yake ilikuwa imelala kifudifudi juu ya kinu. Hakukumbuka kuiwasha. Atakachomweleza msimamizi wake chuoni, hilo lilikuwa lake na Mungu wake.

Specioza akakiinua kikombe cha Doto, akanywa. Uji ulikuwa mtamu kupita kiasi, sukari ya mama asiyejua kuacha. Akaunywa wote, na chini akakwangua kwa kidole.

Simu yake ikalia. Alikuwa Ngassa, na nyuma yake upepo wa Mwandoya na mlio wa ng'ombe.

"Kasema?"

Specioza akafungua mdomo. Neno lilikuwa tayari ulimini, neno alilolitamani siku zote hizo kumwambia mumewe. Akalirudisha. Akaweka sauti ya nje, akaisogeza simu mkekani mbele ya Kulwa, akakaa kimya, akangoja.